Sina tarehe ya kuokoka: je, mimi ni Mkristo wa kweli?

*"Shikamoo Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Mbeya mjini na ninafanya biashara ya viazi. Nilibatizwa nikiwa mtoto mchanga katika Kanisa la Moravian kule Rungwe, nikapata kipaimara, na mpaka leo ninaimba kwaya. Mdogo wangu amehamia kanisa jipya la maombezi na amenichukua huko mara kadhaa. Kiongozi wao aliniuliza niliokoka lini, akataka tarehe na mwezi, nikashindwa kujibu. Akaniuliza kama ninanena kwa lugha, nikasema hapana. Akaniambia kwamba mimi ni Mkristo wa jina tu, na kwamba mtaji wangu umekatika mwaka huu kwa sababu hiyo. Wanataka nibatizwe upya Jumapili ya mwisho wa mwezi, na kabla ya hapo nitoe sadaka ya mbegu ya shilingi 300,000. Tangu siku hiyo silali vizuri, na nikisali ninaona kama ninasema na ukuta. Wakati mwingine ninawaza kwamba labda ni kweli, maana hata kazini ninanunua viazi kwa lumbesa kama wenzangu wote, na wakulima wananung'unika, lakini ndivyo biashara ilivyo. Naomba unieleze, Mkristo wa kweli ni yupi, na nitajijuaje?"*

Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma kwa utulivu, na nimeona kwamba unasumbuliwa na mambo manne uliyoyaeleza kwa urefu: tarehe ya kuokoka, kunena kwa lugha, mtaji uliokatika pamoja na sadaka iliyofungamanishwa nao, na ubatizo wa pili. Kisha, karibu na mwisho, umeandika sentensi moja juu ya lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ukaipita haraka. Nitaanza na yale yanayokunyima usingizi, kwa sababu mtu mwenye hofu hawezi kusikia jambo lingine mpaka hofu yake iguswe kwanza. Lakini nakuomba unisome mpaka kwenye ile sentensi moja, kwa kuwa naamini kwamba hapo ndipo Bwana anaposema nawe.

Kwanza niwe mwadilifu kwa yule kiongozi aliyekuhoji. Kuna jambo moja ambalo yuko sahihi nalo, na si vema nikufiche. Ubatizo wa utotoni, cheti cha kipaimara, sare ya kwaya na jina kwenye daftari la ushirika, vyote pamoja, havimfanyi mtu kuwa mfuasi wa Kristo ikiwa yeye mwenyewe hajamwamini wala hana nia ya kumtii. Yohana Mbatizaji aliwaonya watu waliotegemea kuwa wana wa Ibrahimu kwamba Mungu aweza kumwinulia Ibrahimu watoto hata katika mawe. Sisi wa nyanda hizi, ambao babu zetu waliipokea Injili tangu Wamoravian na wamisionari wa Berlin walipofika mwaka 1891, tunaweza kwa urahisi kuurithi Ukristo kama tunavyorithi kiwanja cha ukoo, bila kuuliza kama tunaishi ndani yake. Kwa hiyo swali "je, imani hii ni yako?" ni swali halali, na kila mbatizwa anapaswa kuliulizwa. Kosa la kiongozi huyo liko katika vipimo alivyovitumia kulijibu.

Tuanze na tarehe. Ni kweli kwamba wapo watu waliokutana na Kristo siku moja wanayoikumbuka hadi saa. Mtume Paulo alikuwa mmoja wao, naye aliisimulia habari ya njia ya Dameski mara kwa mara. Lakini mtazame Timotheo, kijana aliyefanya kazi pamoja na Paulo. Paulo anapomwandikia, anaikumbuka imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na anasema kwamba Timotheo ameyajua Maandiko matakatifu tangu utoto. Hakuna mahali popote ambapo Paulo anamdai Timotheo awe na Dameski yake. Na Petro je? Aliokoka lini? Siku alipoziacha nyavu? Siku alipomkiri Yesu kuwa Kristo, kisha muda mfupi baadaye akaambiwa "nenda nyuma yangu, Shetani"? Siku alipolia baada ya jogoo kuwika, au siku alipoulizwa mara tatu kando ya bahari kama anampenda Bwana? Hata baada ya Pentekoste, Paulo alilazimika kumkemea uso kwa uso kule Antiokia kwa sababu alijitenga na ndugu wasio Wayahudi wakati wa kula. Ukitafuta tarehe moja katika maisha ya Petro utachoka. Ukitafuta mtu ambaye aliitwa, akafuata, akaanguka, akarudi na kuendelea kufuata, utamwona waziwazi.

Wewe unayetoka Rungwe unajua asubuhi za ukungu: hakuna anayeweza kutaja dakika ambayo mlima ulianza kuonekana, lakini ukishaonekana hakuna anayekana kwamba anauona. Watu wengi waliolelewa katika nyumba za sala wamemjua Mwokozi kwa namna hiyo.

Nataka pia ujue kwamba mzozo huu si mgeni katika kanisa lako mwenyewe. Zinzendorf, kabaila wa Kijerumani ambaye mwaka 1722 aliwapokea wakimbizi wa imani kutoka Moravia katika ardhi yake na hivyo mji wa Herrnhut ukaanza, alisoma akiwa mtoto katika shule ya mchungaji Francke kule Halle, Ujerumani. Walimu wa Halle walifundisha kwamba mtu aliyeongoka kweli lazima awe amepita katika mapambano makali ya toba, yenye machozi na giza, kisha akavuka hadi kwenye furaha. Zinzendorf alikuwa amempenda Yesu tangu utoto wake na hakuwa na mapambano ya namna ile ya kuyasimulia, kwa hiyo wapo waliotilia shaka wongofu wake, na kwa muda shaka hiyo ilimsumbua hata yeye. Mwishowe alifundisha kwamba Mwokozi halazimishi kila mtu apite njia ile ile. Kanisa lililokubatiza limetoka katika mikono ya mtu ambaye angeshindwa mtihani uliopewa wewe.

Tena yuko John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, ambaye tarehe alikuwa nayo. Mwaka 1736, akiwa padre wa Kianglikana aliyekwenda Georgia huko Amerika, aliulizwa na Mmoravian aitwaye Spangenberg kama anamjua Yesu Kristo. Wesley akajibu kwamba anajua kuwa ni Mwokozi wa ulimwengu. Spangenberg akasema ni kweli, lakini je, unajua kwamba amekuokoa wewe? Swali hilo lilimfuata Wesley kwa zaidi ya miaka miwili, mpaka usiku wa tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo mtaa wa Aldersgate jijini London, ambapo aliandika kwamba ilipata saa tatu kasoro robo usiku moyo wake ulipotiwa joto la ajabu na akajua kwamba dhambi zake, zake yeye, zimeondolewa. Ni ushuhuda mzuri sana. Lakini mtu huyo huyo, mwanzoni mwa Januari 1739, aliandika katika shajara yake kwamba yeye si Mkristo. Alikuwa na tarehe, saa na mtaa, na bado shaka ilirudi. Ninakuambia haya ili uone kwamba tarehe ni zawadi kwa anayepewa, lakini haina nguvu ya kuubeba uhakika wa mtu. Uhakika hukaa juu ya Kristo aliyekufa na kufufuka, ambaye habadiliki siku unapoamka ukiwa huna hisia zozote.

Juu ya kunena kwa lugha nitasema kwa kifupi, kwa kuwa Maandiko yenyewe yamesema vya kutosha. Karama hiyo imo katika Biblia, na mimi siidharau. Katika Matendo ya Mitume watu walinena kwa lugha siku ya Pentekoste, nyumbani kwa Kornelio, na Efeso. Lakini towashi wa Kushi alibatizwa njiani akaenda zake akifurahi, Lidia akafunguliwa moyo kando ya mto, mlinzi wa gereza la Filipi akaamini na nyumba yake yote, na habari za watu hao hazitaji lugha. Paulo, aliyemshukuru Mungu kwamba ananena kwa lugha kuliko Wakorintho wote, aliwauliza Wakorintho hao hao kama wote ni mitume, wote wana karama za kuponya, wote wanena kwa lugha, na namna alivyouliza inaonyesha kwamba jibu ni hapana. Hata miongoni mwa ndugu zetu Wapentekoste, makanisa mengi yenye mafundisho yaliyoandikwa hutofautisha wokovu na ujazo wa Roho. Wanaona lugha kuwa ishara ya huo ujazo, na hawasemi kwamba asiyenena hajaokoka. Kwa hiyo jambo uliloambiwa si fundisho la Kipentekoste kwa ujumla, na usimhukumu kila Mpentekoste kwa hilo.

Sasa mtaji. Hapa sina upole mwingi, kwa sababu nimeona watu wakiumizwa. Wewe ni mfanyabiashara na unajua kuliko mimi kwa nini mtaji hukatika: viazi vya milimani vinakomaa kwa wakati mmoja, soko linafurika, bei inashuka, gari linachelewa njiani, mzigo unaoza, mtu uliyemkopesha halipi. Mvua na bei humpata mwenye haki na asiye haki. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu alikataa hesabu hiyo. Walipomletea habari za watu waliouawa na Pilato, na yeye mwenyewe akataja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, aliwaambia kwamba hao hawakuwa wakosaji kuliko wengine. Marafiki wa Ayubu walitumia sura nyingi kumthibitishia kwamba hasara yake ni ushahidi wa dhambi yake, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao. Hasara yako haithibitishi kwamba humjui Kristo, kama ambavyo faida ya jirani yako haithibitishi kwamba anamjua.

Na zile shilingi 300,000 usizitoe. Sadaka ni jambo jema na la lazima katika maisha ya Mkristo, lakini inatolewa na mtu aliyekwisha kupokea, kwa moyo wa kupenda. Sadaka inayowekwa mlangoni mwa ubatizo kama sharti, tena kwa mama ambaye mtaji wake umekatika na watoto watatu wanamtegemea, si mbegu ya imani. Simoni wa Samaria alipoweka fedha mbele ya mitume ili apate uwezo wa Roho, Petro alimwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Mitume walikataa kupokea fedha kwa ajili ya jambo ambalo wewe unadaiwa fedha kwa ajili yake.

Nimeyasema hayo ili kukuondolea mzigo usio wako. Lakini hujauliza tu Mkristo wa kweli si yupi. Umeuliza ni yupi, nami sitaki kulikwepa swali.

Msingi wa jibu ni maneno ya Waefeso ambayo bila shaka uliyakariri katika darasa la kipaimara: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu." Mkristo ni mtu aliyeacha kujitegemea mbele za Mungu na kujikabidhi kwa Yesu Kristo. Hana kingine cha kuonyesha. Imani hiyo inaweza kuwa ndogo na yenye kutetemeka, kama ya yule baba aliyelia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na Yesu hakumrudisha nyumbani akaiongeze kwanza. Alimponya mtoto wake. Lakini watu wengi husoma aya hiyo na kuishia hapo, ilhali Paulo anaendelea mara moja kusema kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema, ambayo Mungu aliyatengeneza tangu awali ili tuenende nayo. Matendo hayatununulii neema. Ni mahali ambapo neema inamwongoza mtu aende. Ndiyo maana Yakobo anathubutu kusema kwamba imani isiyo na matendo imekufa, na hapingani na Paulo hata kidogo: mmoja anamjibu mtu anayetaka kumlipa Mungu, mwingine anamjibu mtu anayesema anaamini huku akimwambia ndugu mwenye njaa aende kwa amani akashibe, bila kumpa chochote.

Soma tena, dada yangu, mwisho wa mahubiri ya mlimani, kwa sababu hakuna mahali pengine ambapo Bwana mwenyewe amelijibu swali lako kwa ukali namna hii. "Si kila mtu aniambiaye, Bwana, Bwana, atakayeingia katika ufalme wa mbinguni; bali ni yeye afanyaye mapenzi ya Baba yangu aliye mbinguni." Wanaokataliwa pale ni watu wa aina gani? Wanasema wametoa unabii kwa jina lake, wametoa pepo kwa jina lake, wamefanya miujiza mingi kwa jina lake, naye hawabishii kwamba wameyafanya. Anawaambia tu, "Sikuwajua ninyi kamwe." Kisha nenda sura ya 25 ya Injili hiyo hiyo, kwa wale waliowekwa mkono wa kuume. Walimlisha mwenye njaa, wakamvika aliye uchi, wakamtembelea mfungwa, na wanapopongezwa wanashangaa, wanauliza ni lini walimwona Bwana katika hali hiyo. Waliokuwa na orodha ndefu ya mambo ya kiroho walishangaa kukataliwa, na waliopokelewa hawakukumbuka hata kwamba walikuwa wamefanya jambo. Ninapowaza juu ya wafuasi wa kweli niliowajua katika ushirika zetu, wengi ni wa aina hii ya pili: bibi anayekwenda kumfulia jirani mgonjwa bila kutangaza, mzee wa kanisa anayerudisha chenji iliyozidi. Ukiwauliza kama wao ni Wakristo wa kweli watanyamaza kidogo, kisha watasema wanamtumaini Bwana.

Kwa hiyo alama ya mfuasi ni kwamba anamfuata. Nembo ya kanisa lako, yule Mwanakondoo mwenye bendera, ina maneno yanayosema: Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate. Na Luka anaongeza neno ambalo Mathayo na Marko hawana katika agizo la msalaba: "Mtu yeyote akitaka kunifuata, na ajikane mwenyewe, ajitwike msalaba wake kila siku, anifuate." Kila siku maana yake ni katika mambo ya kila siku: nyumbani, barabarani, sokoni. Nawe kila siku unanunua viazi.

Sasa tumefika kwenye lumbesa.

Umeandika kwamba wakulima wananung'unika, lakini ndivyo biashara ilivyo. Angalia kwamba hakuna mtu aliyekushitaki kwa jambo hilo. Yule kiongozi hakukuuliza juu yake, alikuuliza tarehe. Mdogo wako hakulitaja. Ni wewe mwenyewe, ukiwa katika kutafuta kama wewe ni Mkristo wa kweli, uliyeliweka mezani bila kuombwa, kisha ukaligeuzia mgongo. Mimi siamini kwamba hiyo ni bahati. Shaka nyingine ulizoziandika zimetoka kwa watu, nazo ni za jumla na hazikuonyeshi la kufanya. Hii imetoka ndani yako, ina jina, ina uzito wa kilo, na unajua kabisa ingekupasa ufanye nini. Ndivyo Roho Mtakatifu anavyohukumu kwa kawaida: anaonyesha kidole mahali pamoja. Hofu inayosema tu "wewe si kitu, wewe umepotea" bila kuonyesha njia ya kutoka haina budi kutiliwa mashaka.

Wasomaji wengine wasioijua biashara hii waelewe kwamba lumbesa ni gunia lililoongezwa kichwa kwa nyavu au kamba ili libebe viazi vingi kupita ujazo wake, wakati mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria za vipimo zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakilipigia kelele jambo hili mwaka hadi mwaka. Mkulima wa Isyonje au Uporoto, aliyepanda, akapalilia na kunyunyizia dawa dhidi ya ukungu, anatoa sehemu ya jasho lake bure kwa kila gunia, kwa sababu mnunuzi yuko mbele yake na gari linanguruma, na asipouza leo viazi vitaharibika. Torati iliyajua mambo haya. Walawi inaamuru vipimo vya haki katika uzani na ujazo, Mithali inaita mizani ya hadaa chukizo kwa Bwana, na Amosi anawataja kwa hasira wale wanaosubiri sabato iishe ili wapunguze kipimo na kuongeza bei. Sijui jambo lingine la kibiashara ambalo Biblia imelisema kwa wingi na uwazi kama hili.

Wala sisemi kwamba ni rahisi. Ukikataa lumbesa peke yako, ukamlipa mkulima kwa kilo, gharama yako itapanda, na mwenzako aliye kando yako atauza kwa bei ya chini kuliko wewe. Utachekwa. Huenda msimu mmoja au miwili ukapata kidogo kuliko ulivyozoea, na mtaji wako tayari ni mdogo. Sikuahidi kwamba Mungu atakufidia kwa fedha, kwa sababu nikifanya hivyo nitakuwa nimerudi kwa mlango wa nyuma kwenye fundisho la mbegu, kwamba ukitoa fedha Mungu atakurudishia zaidi. Njia ulizo nazo ninaziona hivi. Unaweza kuanza na wakulima wachache unaowafahamu, ukapima kwa mizani na kulipa kwa kilo, kisha ukatafuta wateja wa mjini wanaonunua kwa kilo, kama vile hoteli, shule na wakaanga chipsi, ambao wanaupenda uhakika wa uzito. Unaweza kuzungumza na wanawake wenzako wa biashara hiyo, kwa kuwa bila shaka wengi wao ni wa ushirika na parokia za humu humu, na watano wakikataa pamoja wana nguvu kuliko mmoja. Unaweza pia kuiacha bidhaa hiyo ukafanya nyingine, ingawa mimi nisingeanzia hapo, kwa sababu mkulima anahitaji mnunuzi mwadilifu kuliko anavyohitaji mnunuzi mwadilifu aliyeondoka.

Na yaliyopita je? Zakayo alipompokea Yesu nyumbani kwake hakuulizwa lolote juu ya hisia zake. Alisimama akasema, "Tazama, Bwana, nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Ndipo Yesu akasema kwamba leo wokovu umefika nyumbani humu. Huwezi kumkumbuka kila mkulima, na mtaji wako hautoshi kulipa mara nne. Lakini wapo unaowafahamu kwa majina. Nenda kwa mmoja wao, mwambie ukweli, mwongezee kitu juu ya bei msimu huu. Kama zile 300,000 zipo kweli, na watoto hawatalala njaa, sehemu yake ina wenyewe tayari, nao wako shambani.

Usielewe vibaya nikisema haya. Sisemi kwamba kwa sababu ya lumbesa wewe si Mkristo. Dhamiri iliyokufa hainung'uniki pamoja na wakulima. Kwamba jambo hili linakuchoma ni dalili kwamba Bwana hajakuacha, na Yohana ameandika kwa ajili ya watu kama wewe kwamba hata mioyo yetu ikituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote. Omba msamaha na uupokee siku hiyo hiyo. Toba haingoji mpaka mizani inunuliwe. Luther alipoandika hoja zake mwaka 1517, ya kwanza kabisa ilisema kwamba Bwana alipoagiza tutubu alitaka maisha yote ya waaminio yawe toba. Utarudi kwa Mungu na jambo hili, kisha na jingine, mpaka kufa, na kurudi huko hakufuti uana wako.

Limebaki suala la ubatizo. Wakristo wenye mapenzi mema hawakubaliani hapa, na nitakueleza pande zote mbili. Wabaptisti na Wapentekoste wanaamini kwamba ubatizo ni wa mtu aliyeamini na kukiri kwa kinywa chake, kwa hiyo kwao wewe hungekuwa unarudia. Ungekuwa unabatizwa kwa mara ya kwanza. Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana na Wamoravian wanaamini kwamba katika ubatizo Mungu ndiye atendaye kwanza, kwamba ahadi yake kwa mtoto mchanga ni ya kweli kabla mtoto hajaweza kuijibu, na kwamba kuurudia ni kama kusema ahadi ile haikuwa na maana; wanashikilia neno la Paulo, "Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja." Mimi niko upande huo wa pili, na ninakushauri kwamba kama unataka kukiri imani yako upya ukiwa mtu mzima, njia ipo ndani ya kanisa lako: unaweza kumwomba mchungaji akuruhusu kushuhudia mbele ya ushirika, na kila unaposhiriki Meza ya Bwana unaikiri imani hiyo. Lakini hata kama siku moja, kwa kusoma na kuomba, utashawishika na upande wa kwanza, basi ubatizwe kwa kusadiki, si kwa kuogopa, si kwa tarehe iliyopangwa na mtu mwingine, wala si kwa malipo. Jumapili hiyo ya mwisho wa mwezi usiende.

Kwa mdogo wako usifunge mlango. Inawezekana kabisa kwamba huko alikohamia amempenda Yesu kwa moyo wake wote, na bidii yake kwako ni ya upendo. Mwambie kwamba unamshukuru kwa kukujali, kwamba hutabatizwa, na kwamba ungependa mwendelee kusali pamoja nyumbani. Ubishi juu ya lugha hautawafikisha popote.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Nenda ukaonane na mchungaji wa ushirika wako, na kama yeye ni mgumu kumfikia, mtafute mzee wa kanisa au mama unayemwamini, umsomee barua uliyoniandikia mimi, pamoja na sehemu ya lumbesa. Kusali huku ukihisi unasema na ukuta kumewapata watakatifu wengi, na mara nyingi hupita mtu anapopata mwenzake wa kusali naye kwa sauti. Anza na Zaburi ya 13, ambayo imeandikwa na mtu aliyejisikia hivyo hivyo. Lakini kama kukosa usingizi kumeendelea kwa majuma, kama huwezi kula, au kama umeanza kuwaza kwamba ni afadhali ufe, usingoje maombi peke yake. Nenda kituo cha afya au hospitali, mweleze daktari, na umwambie mtu wa nyumbani leo hii. Hali hiyo inatibika, na kuitibu si kukosa imani.

Tena, mahali popote ambapo kiongozi wa dini atamwambia mtu aache dawa za presha, za kisukari au za kupunguza makali ya virusi, au afunge mpaka mwili udhoofike, au akabidhi nyumba na mali, au akate mawasiliano na ndugu zake, mtu huyo aondoke siku hiyo na kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa au polisi. Mwaka 2023 kule Shakahola nchini Kenya ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, watoto wakiwamo, wengi wao wakiwa wameaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kumwona Yesu. Sisemi kwamba kanisa la mdogo wako limefika huko, wala sina sababu ya kulidhani hivyo. Ninakuomba tu uchunguze: je, dawa zinapingwa pale? Je, hesabu ya sadaka inasomwa mbele ya watu? Je, mtu akiuliza swali anajibiwa au anatishiwa laana? Majibu ya maswali hayo matatu mpelekee mchungaji wako utakapokwenda kumwona, na mdogo wako akikubali, mwende wote wawili.